Maji ya Fundi Baridi Yalipochafuka

Mtaani walimwita Mama Makochi, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kochi lako likibonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, ulimpelekea. Alilivua kitambaa, akalichokoa matumbo, akatupa sponji iliyooza na springi zilizolegea, na siku ya kwenda kulichukua ulilikuta limejaa, limenyooka, linajiona. Alikuwa mwembamba, mikono imekakamaa kwa kuvuta uzi mnene, na wakati wa kazi alibana pini midomoni. Wateja wake walizoea kujibiwa kwa miguno. Walijua guno la "njoo Ijumaa" na guno la "kitambaa hiki hakifai, nenda kabadilishe".

Mumewe alikuwa fundi wa friji, basi wakamwita Fundi Baridi. Karakana yake ilipakana na ya mkewe, ukuta mmoja katikati, na nyumba yao ilikuwa ghorofani juu ya karakana hizo mbili. Mume alikuwa msemaji. Angeweza kukueleza habari ya kompresa tangu ilipozaliwa mpaka ilipokufa, nawe ukamsikiliza mpaka mwisho. Watu walitania kwamba nyumba ile Mungu aliigawia maneno mara moja tu, na mume akayawahi yote.

Sebuleni kwao kulikuwa na tangi la kioo. Halikuwa tangi la samaki wa maji baridi kama yale ya kwenye mahoteli, lilikuwa kipande cha bahari hasa. Fundi Baridi aliliunda mwenyewe kwa vioo vya friji za maduka zilizokwisha kazi. Alianza na jiwe moja lenye tumbawe dogo kama kifungo cha shati, zawadi ya mteja, akalileta nyumbani ndani ya bakuli la supu. Mama Makochi alipoliona alitoa pini mdomoni.

"Samaki wa kutazama tu?" aliuliza. "Na maji ya chumvi juu? Hata wakifa hatuwali?"

"Hawafi," mume akamjibu.

Miaka ikapita. Kifungo kile kikawa shamba. Matumbawe ya zambarau na ya kijani yalijaa juu ya mawe, mengine yakipepea kama vidole vya mtoto aliyelala. Kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kamba mwekundu mwenye masharubu marefu, jongoo bahari aliyezunguka mchangani akiusafisha polepole, na samaki mmoja wa manjano, bapa kama sahani, mkongwe kuliko wote. Huyo wa manjano alimjua Fundi Baridi kwa sura. Alipopita sebuleni, samaki naye alimfuata upande wa ndani wa kioo, kutoka mwanzo wa tangi hadi mwisho.

Kisha kiharusi kikaja, bila hodi. Fundi Baridi aliinama kuokota spana, na hakuinuka mwenyewe. Alipotoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na maneno, yale maneno yote, yalikuwa yamekwenda. Yalibaki matatu: "eeh", "a-a", na, Mungu ajuaye kwa nini, "basi". Akitaka maji alisema basi. Akikumbuka jambo alisema basi. Akikasirika ndiyo usiseme, zilimiminika basi kama mvua. Mama Makochi alijifunza kuzitofautisha basi hizo kwa sauti, kama mama anavyotofautisha vilio vya mtoto, na mara nyingi alipatia.

Aliuguza kwa mikono yake miwili. Alimwogesha mumewe, akamvalisha, akamfunga vifungo, akampangusa mdomo kabla hajamaliza kutafuna. Mumewe akinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe, kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Kochi lake alilishona upya likawa laini kama wingu, akaliweka ubavuni mwa tangi, awe anatazama samaki wake. Na Mama Makochi mwenyewe ndiye aliyewalisha samaki, punje chache kila asubuhi, kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuja kusaidia. Wifi alikuwa msimamizi wa usafi hotelini kabla hajastaafu, na baada ya Mungu, aliamini sabuni. Alipenda nyumba ing'ae, alipenda kusema, na aliwaonea huruma samaki. "Punje hizo ndiyo chakula?" aliuliza kila asubuhi. "Hata kuku mngemtupia zaidi. Mnawafungisha saumu hawa."

Asubuhi moja Mama Makochi alifungua mapazia ya sebule, akageuka, akapigwa na butwaa. Tangi lilikuwa jeupe. Mawe hayakuonekana, matumbawe hayakuonekana. Ungedhani mtu amemimina maziwa humo na kuyakoroga. Karibu na uso wa maji midomo ya samaki ilikuwa ikifunguka na kufumba, ikitafuta hewa. Kule karibu na kochi maji yalitoa harufu ya sufuria ya samaki iliyosahauliwa.

"Wifi!" aliita. "Wifi, njoo uone!"

Wifi akaja na taulo mabegani. Alitazama mara moja tu. "Hilo ni uchafu," alisema. "Tumwage maji yote, tutoe mawe, tusugue kila kitu kwa sabuni na maji ya moto. Mpaka adhuhuri litakuwa kama jipya."

"Basi!" alisema Fundi Baridi kutoka kwenye kochi. Alikuwa amekwisha kuketishwa pale, na alipiga mkono wa kochi kwa kiganja cha kushoto. "Basi! Basi!"

"Unaona, hata mwenyewe hataki," alisema Mama Makochi. "Sabuni itawaua wote. Ngoja nimpigie Mama Kioo."

Mama Kioo alikuwa na duka la samaki wa mapambo, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Fundi Baridi alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na mgomvi wake wa miaka mingi pia, maana wawili hao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote linalohusu maji.

"Usisugue, usimwage, usitie dawa," alisema Mama Kioo kwenye simu kabla hajaelezwa nusu. "Samaki wako juu au chini?"

"Juu. Wanatweta."

"Basi wape hewa kwanza, maswali baadaye. Ile pampu inayosukuma mawimbi, igeuze itazame juu, maji yachemke. Una pampu ya hewa? Iweke. Nasubiri."

Mama Makochi alizamisha mkono mpaka begani, nguo ya kulalia ikalowa, akaipapasa pampu katika ule weupe na kuigeuza. Maji yakaanza kuruka juu na kutoa mapovu. Pampu ya hewa aliipata chini ya kabati. Alipoiwasha, midomo ile ikapunguza haraka kidogo, na yeye mwenyewe akagundua kwamba alikuwa amebana pumzi.

"Haya," Mama Kioo akaendelea. "Kuna mtu alichimbua mchanga?"

"Hapana."

"Mlitia unga wowote? Madini ya kukuza matumbawe?"

"Tangu augue sijatia. Sijui vipimo vyake."

"Papasa hita. Ina ukoko mweupe, mkavu kama chokaa?"

Akaipapasa. "Laini tu."

"Basi siyo madini. Chota maji kwenye bilauri, uweke dirishani, usiitikise. Likiwa vumbi litatuama chini. Lisipotuama, hicho ni kitu hai. Halafu chukua tochi uhesabu wanyama wako, maana harufu hiyo unayosema mara nyingi ni maiti."

Bilauri ikakaa dirishani. Mama Makochi akapiga magoti na tochi, shavu kwenye kioo, akatafuta. Samaki wa rangi ya chungwa, wote wawili. Kamba, yupo, masharubu tu ndiyo yaliyoonekana. Wa manjano, yupo, lakini amelala ubavu kidogo. Jongoo bahari alimsumbua, mpaka alipomkuta amejibana chini ya jiwe, mzima. Alipoinuka na kutazama dirishani, maji ya kwenye bilauri yalikuwa meupe vilevile toka juu hadi chini.

Akampigia tena Mama Kioo. "Hakuna aliyekufa. Na hayajatuama."

"Basi kuna mtu aliyelisha kupita kiasi, dada yangu. Chakula kinaoza mahali, vijidudu vinakula na kuzaana, na hewa ya samaki vinaimaliza vyenyewe. Tafuta kopo la chakula."

Kopo lilikuwa kwenye rafu yake ya siku zote, ila halikuwa na kifuniko. Alilishika, likawa jepesi. Jana asubuhi lilikuwa limejaa. Alikata simu, akageuka polepole.

"Wifi," alisema, "hiki chakula kimekwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hapa tuko watu watatu. Mmoja ni mimi. Mwingine hawezi hata kujikuna. Sasa nani?"

Wifi akaweka mikono kiunoni. "Unataka kusema ni mimi?"

"Si wewe unayesema kila siku tunawafungisha saumu? Ulitaka kuwaonea huruma, umewaua!"

"Nile yamini juu ya samaki, mimi mtu mzima? Nimeacha nyumba yangu, nafua, napika, namgeuza mdogo wangu kitandani, leo naitwa mwongo kwa sababu ya kopo?"

"Basi," alisema Fundi Baridi. "Basi, basi."

"Tulia, baba, tulia," alisema Mama Makochi bila kumtazama, akimpapasa bega. "Usijisumbue. Tutalitengeneza."

 Lau Mama Makochi angetazama wakati ule, angemwona mumewe amefumba macho na chozi limeteremka upande ule wa uso unaofanya kazi. Hakutazama. Alikuwa na hasira, na hasira ni pazia. Wifi aliingia chumbani, na mlango haukufungwa kwa upole. Muda si mrefu ukasikika mlio wa zipu ya begi.

Mama Makochi akapiga moyo konde, akashika kazi. Alichanganya chumvi ya pakiti ndani ya ndoo za maji safi, akayapasha moto mpaka mkono haukuona tofauti kati ya ndoo na tangi, maana Mama Kioo alimwonya kwamba samaki huuawa pia na haraka ya kuwasaidia. Kisha akachukua mpira mwembamba, akazamisha ncha moja, akavuta kwa mdomo, akatema chumvi, na maji machafu yakaanza kuteremkia ndooni. Alipitisha mpira ule kila pembe, na hakuona cha ajabu. Lakini alipofika nyuma ya jiwe kubwa, upande ule wa kochi, mpira ulikoroma na kuziba. Akautoa. Ncha yake ilikuwa imejaa tope jekundu. Chakula. Chungu nzima ya punje zilizovimba na kuoza, zimekaa mahali pamoja, kana kwamba zilimwagwa kwa mkupuo mmoja.

Alizivuta zote. Akaongeza maji mapya kidogo kidogo, akabadilisha mkaa wa kuchujia, na kichujio chenyewe hakukigusa, kwa sababu Mama Kioo aliapa kwamba wasafishaji wema wa tangi wanaishi humo. Alipomaliza ilikuwa saa ya chakula cha mchana, mgongo unamuuma, na nyumba iko kimya.

Alileta beseni kumnawisha mumewe. Kwa kawaida alimnawisha mkono wa kushoto tu, ndio uliokaribia chakula. Wa kulia ulikaa mapajani siku zote, umejikunja kama jani lililokauka, na aliufungua wakati wa kuoga. Leo, labda kwa uchovu, labda kwa kutaka kukaa pale kidogo, aliushika na huo. Alifungua kidole kimoja kimoja.

Ndani ya kiganja kulikuwa na punje nyekundu. Zilikuwa zimeganda kwenye mikunjo ya ngozi, na nyingine ziko chini ya kucha ya kidole gumba. Aliuinua ule mkono mpaka puani. Harufu ilikuwa ileile ya kopo.

Alikaa kitako sakafuni.

"Ni wewe," alisema.

Fundi Baridi alimtazama kwa jicho la mtu anayengoja hukumu. "Eeh."

"Kwa mkono huu?"

"Eeh."

"Huu wa kulia? Huu huu?"

Hapo uso wa Fundi Baridi ukajikunja kwa jitihada, mshipa ukamtoka shingoni. Kidole gumba kikatetemeka. Polepole, kama mlango wa zamani, kikasogea, na kidole cha shahada kikatoka kukilaki, vikakutana. Alikuwa anafinya hewa, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi.

Mama Makochi alifunika mdomo kwa kiganja chenye maji ya beseni. Kisha akaanza kuuliza, na mumewe akajibu kwa maneno aliyobakiwa nayo. Ilikuwa jana alasiri? Eeh. Mimi nikiwa chini karakana, dada yako anaanika nguo? Eeh. Ukasimama? Eeh. Peke yako? Eeh! Ukashikilia nini, kochi? A-a. Meza ya tangi? Eeh. Kifuniko ulikifungua kwa mkono wa kushoto? A-a. Akaonyesha meno.

Na kwa vidole vile viwili akamwonyesha mengine. Mfinyo wa kwanza wa punje ulikwenda vizuri, ukaangukia majini kama zamani, na yule wa manjano akaja kuula. Alitaka wa pili. Mkono ukashikwa na mkazo, ukaruka, ukapiga kopo, kopo likapinduka ndani ya maji. Kulitoa alilitoa, akalirudisha kwenye rafu, lakini vilivyokuwemo vilikuwa vimekwisha kuzama nyuma ya jiwe.

"Kwa nini hukutuam…" alianza Mama Makochi, akajishika. Aliikumbuka jioni ya jana. Mumewe alisema basi, basi, basi, akiwaelekezea tangi, na wao wakatazamana wakasema maskini, amechoka, anataka kulala. Wakamlaza jua bado linawaka nje.

"Ulikuwa unatuambia," alisema.

"Eeh," alisema mumewe, na safari hii machozi yalimtoka na kicheko kikamtoka, na haikujulikana kipi kilitangulia. Naye Mama Makochi akalaza paji la uso juu ya ule mkono wenye harufu, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Halafu hakikuwa kicheko tena.

Wifi alitokea mlangoni na begi lake. "Mimi nakwenda," alisema, akitazama ukuta. "Nimekuja kuaga, nisije nikaambiwa sina adabu."

"Wifi yangu," alisema Mama Makochi kutoka sakafuni, "nimekukosea. Nimekusingizia, na nimekusingizia vibaya. Nisamehe. Lakini kabla hujaenda, njoo umwone mdogo wako anavyotia chumvi."

Fundi Baridi akakutanisha vidole vyake tena.

Begi lilianguka. Wifi alipiga kigelegele, akajizuia katikati kwa kuhofia samaki, akamrukia mdogo wake shingoni. Aliposikia habari yote, alijipiga paja. "Na mimi ndiye niliyemvalisha nguo za kulalia! Mtu amefanya muujiza, sisi tunamlaza na kuku!" Begi lake lilirudi chumbani, na la msamaha halikuzungumzwa tena isipokuwa kwa utani, ambao Wifi aliutumia mpaka ulipochakaa.

Maji hayakusafika siku ile. Yalibaki na ukungu siku kadhaa, kila siku mwepesi kidogo, kama dirisha linalopanguswa na mtu asiye na haraka. Samaki hawakupewa chakula, na Wifi alivumilia, ingawa kwa kuugua kwa sauti. Fundi Baridi aliongoza kazi akiwa kwenye kochi: jiwe hili, a-a, lile, eeh. Tumbawe moja la nyuma lilipauka, halikurudi. Na yule wa manjano, mkongwe, hakustahimili. Asubuhi walimkuta ameegemea kioo, upande ule wa kochi.

Mama Makochi alimtoa kwa mikono yake. Fundi Baridi alilia, kilio cha mtu aliyempoteza rafiki na ambaye anajua mkono uliomponza. Mkewe hakumwambia ni samaki tu. Aliketi ubavuni mwake, akamwacha alie mpaka akamaliza mwenyewe, na hakumpangusa uso. Alimpa kitambaa mkononi, mkono ule wa kulia. Kilianguka. Hakukiokota. Fundi Baridi aliinama, akahangaika nacho, akakiokota, akajipangusa.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika katika nyumba ile, na haikuwa rahisi kwa Mama Makochi. Kumfungia mtu vifungo ni kazi ya dakika. Kumtazama akivifunga mwenyewe ni adhabu. Alisimama mikono nyuma, akiipindapinda, asije akamsaidia. Mama wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija na mpira wa kufinya ambao Fundi Baridi aliuchukia, aliambiwa habari ya punje akacheka sana. "Kumbe alitaka kazi," alisema. "Hakutaka mchezo." Wakauweka mpira kando. Kila asubuhi chakula cha samaki kilipimwa ndani ya kifuniko kidogo, cha kutosha mlo mmoja tu, na Fundi Baridi alisimama ameshikilia meza, akadondosha punje moja moja, jasho likimtiririka, huku wale wawili wa rangi ya chungwa wakimshangilia kwa mikia.

Mama Kioo alipita siku moja kuona tangi. Alizunguka, akainama, akanusa. "Maji mazuri," alikiri kwa shida. "Ila chumvi imezidi kidogo."

"A-a!" alisema Fundi Baridi, macho yakimtoka.

"Imezidi, nakwambia."

"A-a! A-a!"

Wakabishana hivyo mpaka chai ikapoa, na Wifi akasema kwamba sasa kweli mgonjwa amepona.

Hakupona kabisa. Mguu uliendelea kuburuta, na ngazi alizishuka kwa kushikwa kiuno. Lakini alizishuka. Alirudi karakana yake, akakaa kwenye kigoda, na wateja wakaja, wengine kwa friji, wengine kwa kumwona tu. Alasiri moja jirani alileta friji iliyonguruma bila kugandisha. Fundi Baridi aliomba kwa ishara iwashwe. Akalaza sikio ubavuni mwake, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu, na jirani akaanza kudhani amesinzia.

"Gesi," alisema Fundi Baridi.

Jirani akainua kichwa. "Umesemaje, fundi?"

"Gesi. Im… Imekwisha gesi."

Upande wa pili wa ukuta Mama Makochi alikuwa akishona kitambaa cha kochi la watu. Alisikia. Hakukimbia kwenda, hakuita mtu. Aliendelea kuvuta uzi, sindano ikiingia na kutoka, huku kule ng'ambo neno lile likirudiwa, gesi, gesi, na jirani akicheka. Alipotazama tena kazi yake aliona amekishona kitambaa kizima nje ndani. Akachukua mkasi, akaanza kufumua taratibu, na hakuwa na kinyongo na mtu yeyote.